Leso Ukutani

Hässelby, Jumamosi jioni

Na laiti ningeuficha chumbani ule mchoro! Lakini uvivu wangu ninaujua, kwa hiyo niliutupia leso palepale ukutani kabla kina mama wa maombi hawajafika.

Ni zawadi ya jirani yangu Ileana, Mromania. Marehemu mumewe alichora mwanamke ameketi kitini, uchi wa mnyama, mgongo wima kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Tukiwa katikati ya chai, Ileana akaingia na keki. Akaiona leso. Tabasamu likamwisha.

"Mbona umenifunika?" akaniuliza kwa Kiswidi.

Umenifunika. Kumbe ni yeye! Hakuwahi kuniambia. Jirani wa miaka tisa, nikaona ninampoteza hivi hivi.

"Kwetu," nikasema, "mwanamke tunayemheshimu tunampa leso."

Ni kweli, lakini leo ilikuwa uongo mtupu. Ileana akaivuta leso, akajitanda. Mchoro ukabaki wazi mbele ya kina mama wote.

Mke wa mchungaji akautazama weee. Kisha akanigeukia.

"Leso ya heshima hutolewa mbili, Mama Njeri. Mpe na ya pili."

Ya pili nilikuwa nimejifunga kiunoni, juu ya suruali ya kulalia yenye tundu gotini. Nikaifungua, nikampa. Wakacheka mpaka machozi.

Ileana hakucheka. Aliikunja taratibu, akanibusu shavuni, akaondoka nazo zote mbili.

Sijui kama aliniamini. Mchoro sijaufunika tena.