Paka Aliyekula Kitfo Yangu

Endibir, 4 Tikimt

Dada yangu Yeshimebet,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, ila nyumba imekuwa kimya tangu mume wangu Kerga arudi kazini Addis baada ya sikukuu ya Meskel.

Nina mimba, dada. Miezi mitatu. Hata Kerga hajui. Ile ya mwaka jana niliitangaza mapema, na wiki iliyofuata watu wakaja kunipa pole.

Tarehe 12 ya mwezi uliopita, Meskerem, nesi alinipima damu. Alisema kuna vimelea vya kwenye nyama mbichi ambavyo mwili wangu haujawahi kukutana navyo, kwa hiyo sina kinga. Vikiniingia sasa vinaweza kumfikia mtoto. Nisionje nyama isiyoiva. Niliandika kwenye daftari langu, nikapiga mstari.

Siku tano baadaye, Meskel. Mama mkwe alinijazia kitfo kwa mkono wake, nyama mbichi inang'aa siagi, mkate wa kocho pembeni. Nikamwomba anipikie yangu kidogo. Walicheka wote! Shemeji akauliza kama kaka yake ameoa mke au mgonjwa wa hospitali. Mama mkwe hakucheka. Alisema kama mkono wake unanitia kinyaa, niseme tu.

Basi nikawa napokea, na wakigeuka namdondoshea paka chini ya benchi. Siku nane. Paka akanizoea, akawa analala miguuni pangu. Yeye ndiye niliyemweleza habari za mtoto. Juzi mama mkwe aliniambia ni ajabu, kitfo nakula mimi, anayenenepa ni paka.

Sasa nikuungamie. Jana nilimsimulia nesi, tena kwa kujisifu, jinsi nilivyoikwepa ile nyama. Akaweka kalamu chini. Paka anayelishwa nyama mbichi, alisema, hupata vimelea hivyohivyo na kuvitoa kwenye kinyesi. Nami kila asubuhi nimekuwa nikikizoa kwa mikono mitupu. Nimetolewa damu tena; majibu ni Jumatano ijayo.

Paka nimemfungia nje. Analia mlangoni ninapoandika haya. Mama mkwe ameuliza huyo paka amenikosea nini.

Njoo Jumatano, dada. Usipoweza, nitamwomba mama mkwe anisindikize, na njiani nitamwambia yote. Majibu hayo siwezi kuyasikia peke yangu.

Wasalimie wanao wote, na yule mdogo mbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Aregash