Sitatia Saini Jambo Nisiloliona

Lozells,
Birmingham.
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa Ami Ussi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Vipi goti lako? Mama aliniambia sasa unapanda ngazi bila ya mkongojo, nikafurahi sana. Sisi huku wazima. Baridi imeanza, na mama bado anafanya zamu kwenye nyumba ya wazee. Mdogo wangu Ishaka anakuelewa vizuri ukimpigia simu, ila anakujibu Kiingereza kwa uvivu tu. Nimeshamgombeza.

Ami, ulipouliza ninafanya kazi gani tangu nimalize skuli, mama alikujibu kuwa natengeneza dawa. Si dawa. Ndani ya kila seli ya mwili wetu mna kiini, na kiini kina milango yake. Ipo protini ambayo kazi yake ni ya hamali: inabeba mzigo, inaupitisha mlangoni, kisha inarudi kuchukua mwengine. Hiyo ndiyo tunayoitengeneza. Hatumtoi mtu damu wala nyama, tafadhali mtoe bibi wasiwasi. Tunawapa bakteria jeni ya binadamu, nao wanatutengenezea. Tunaisafisha kwa siku nne, tunaigawa kwenye vichupa vidogo kuliko kidole changu cha mwisho, tunaigandisha, na watafiti wanainunua.

Ikipata joto inaharibika, na kwa macho huwezi kujua. Inabaki safi kama maji. Ndiyo maana kila kundi la vichupa lina karatasi yake, na watu wawili hutia saini: aliyeviweka kwenye friza na aliyemshuhudia.

Sasa nikueleze lililotokea, maana umelisikia nusu. Ijumaa huwa siko kazini, ni siku yangu ya chuo. Jumatatu iliyopita nilifika wa mwanzo, nikakuta vichupa arubaini juu ya meza. Barafu yote imekuwa maji. Damien, mkubwa wangu, alivisahau tangu Ijumaa. Alipoingia alivitia kwenye friza haraka, akaandika tarehe ya Ijumaa, akanisogezea kalamu.

"Tia saini hapo, binti. Ni jambo dogo tu."

Nilisema hapana. Ami, unanijua mimi. Miaka saba ya skuli walimu waliniandikia kwenye ripoti kuwa sifungui mdomo. Hata Amrita, tunayekaa naye meza moja, alininong'oneza: "Wewe hata asubuhi njema husemi, leo ndiyo umeanza na hapana?"

Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Damien akamwandikia meneja kuwa mimi ni mjeuri na sifai kufanya kazi na wenzangu. Nimo katika miezi ya majaribio, kwa hivyo wanaweza kuniachisha kazi bila ya maneno mengi. Keshokutwa, Jumanne, nimeitwa kikaoni.

Najua ulimwambia mama kuwa mkubwa haombwi ushahidi, anaombwa radhi. Mama naye amekaanga visheti nimpelekee Damien. Nimemwambia visheti ni vyetu, na tumekula. Amenuna tangu jana.

Ami, nakuheshimu, na sijawahi kukukatalia neno. Hili nakukatalia. Ukinikosea adabu mimi nitakusamehe, na nikikukosea wewe nitakuja kukuomba radhi kwa magoti. Lakini hapa nimemkosea nani? Wewe umepima karafuu za watu miaka thelathini. Nani angekupa kalamu uandike uzito ambao mzani haukuonyesha, ukakubali, kwa sababu tu ni mkubwa wako?

Tena fikiria huyo atakayenunua. Labda ni msichana kama mimi, katika chuo fulani. Atamtia hamali wetu kwenye seli zake na mzigo hautasogea. Atarudia mara tatu, mara nne. Hatasema vichupa vibovu, maana karatasi ina saini mbili. Atajiona yeye ndiye mjinga. Siwezi kumfanyia hivyo mtu nisiyemjua.

Nimeandika ukurasa mmoja: siku, saa, na nilichokiona mezani. Sikumtukana mtu. Wakiniachisha, nitaomba kwengine, na nikiulizwa kwa nini niliondoka nitasema. Karatasi ile ina nafasi ya saini ya pili, na mpaka leo ni tupu. Kwa upande wangu itabaki tupu.

Nisalimie bibi, shangazi Mwanakhamis na Ami Mwinjuma, na watoto wote wa nyumba hiyo. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akuzidishie imani na sisi hata pale tusipokutii.

Jumanne saa nne za asubuhi, kwa saa za huku, nitasimama kuusoma ukurasa wangu. Usiniombee nisamehewe, ami. Niombee sauti isinikatike.

Mwanao akupendaye kwa dhati,

Nasreen