Mkanda wa Mjomba Chola

Jumatatu, 1 Machi 1954

Kesi nne barazani leo, zote za urithi. Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi, ndiyo kazi ya karani. Ile sheria mpya ya mirathi bado iko mezani kwangu, wiki ya tatu sasa, inangoja niitafsiri. Mjane ambaye ndoa yake iliandikishwa ofisini atabaki na nyumba, ndugu wa marehemu wasimtoe. Mpaka isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu, haina nguvu. Sina haraka. Nimechoka.

Jumatano, 3 Machi

Mjomba Chola amefariki. Kifua. Ndiye aliyenilea, akinipeleka shule kwa baiskeli yake. Nimelia ofisini, watu wakiniangalia.

Jumapili, 7 Machi

Matanga. Wakubwa wamefika kutoka Mokambo, na Mzee Mwewa, kaka mkubwa wa mama, mbele yao. Siku tatu sijalala. Wakaleta mkanda wa mjomba wanifunge kiunoni. Nikainua mikono tu, wakafunga.

Kwetu urithi hufuata upande wa mama. Mpwa akifungwa mkanda amechukua vyote: nyumba, na mke pia. Nalijua hilo kuliko wote pale, ndiyo kazi yangu kuliandika. Mjinga mimi.

Jumatatu, 8 Machi

Mama Eliza, mke wa mjomba, alikuja ofisini. Hakukubali kiti. "Nyumba iko yako sasa. Na mimi niko wa nani?" Nikaangalia kalamu.

Ndoa yao iliandikishwa, cheti nimekiona. Lakini kesi ya nyumba ni Ijumaa. Mzee Mwewa anataka hukumu ya desturi itoke kabla sheria mpya haijasomwa. Nani alimwambia habari za sheria? Mimi, niliropoka matangani.

Jumatano, 10 Machi

Mama yangu naye amekuja. "Ukisoma ile karatasi, unanizika na kaka yangu Chola pamoja." Namwogopa kuliko bwana mkubwa wa ofisi. Nataka tu waniache nilale.

Alhamisi, 11 Machi

Nimetafsiri. Kurasa mbili tu, saa moja na nusu. Na wiki zote hizo nikiiita kazi kubwa! Saa kumi jioni nimeisoma mlangoni mwa baraza, sauti ikikwaruza. Mkanda nilikuwa nimeuvua.

Ijumaa, 12 Machi

Mama Eliza amebaki na nyumba yake. Mzee Mwewa alitema mate karibu na viatu vyangu. Mama amepanda lori la Mokambo bila kuniaga. Inauma sana.

Jioni nilimrudishia Mama Eliza mkanda. Akaupokea, akafunga mlango. Hakunishukuru, na sikustahili.

Jumapili, 14 Machi

Mvua tangu misa. Mke wangu alikuwa anamenya viazi vitamu. Akauliza bila kuinua macho: "Na ndoa yetu, iko mu kitabu?"

Kitabu chenyewe cha ndoa kiko hatua kumi kutoka meza yangu. Miaka tisa napita mbele yake. Ndoa yetu haimo.

Kesho nitapanga mstari pamoja naye tuiandikishe, kama watu wengine.