Nimeficha Fomu ya Chaja ya Mtaa Wetu

Shangazi Cheruto, sijawahi kuandikia gazeti maishani mwangu na hata sasa naona haya, lakini nimekwama na Ijumaa inakuja, kwa hivyo naomba unisaidie na usinicheke, au ukicheka basi unijibu pia.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu, naishi Kiamunyi, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, nilifanya kazi kiwandani hapa Nakuru miaka thelathini, baba yangu ndiye aliyetuleta kutoka Bungoma alipokuja kufanya kazi ya reli, na mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na binti yetu wa pekee, nitamwita Nerima ingawa si jina lake, yuko Kanada na hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Sitaki kukudanganya kwamba naishi vizuri. Ziko siku zinapita sijatamka neno ila "asante" pale dukani, na bado napika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono wangu haujui kipimo kingine, halafu nusu naimwaga asubuhi.

Mwaka jana Nerima alinitumia gari dogo la mitumba linalotumia stima, akasema baba sasa hutahangaika na petroli, nikashukuru hadi nikalia, lakini yeye alisahau na mimi pia nikasahau kwamba ploti yetu haina mahali pa gari, ndani ya geti ni tangi la maji na kamba za kuanikia nguo basi, magari ya wapangaji yote hulala barabarani kando ya mtaro, na hili langu bila kuchajiwa haliendi popote. Nikanunua waya mrefu, nikauteremsha dirishani kutoka ghorofa ya pili, ukapita katikati ya nguo za watu mpaka nje, na siku ya tatu msimamizi wa ploti, Ngigi, akapanda ngazi akagonga mlango akaniambia, "Mzee, hii waya itaua mtu hapa, na ni mimi nitaulizwa." Alisema kweli, nikauvuta waya juu, gari likakaa wiki mbili bila kusonga huku watoto wakiandika majina yao kwenye vumbi la kioo.

Sasa upande wa pili wa barabara kuna mama mjane, nitamwita Mama Kiptum, anafuma sweta za shule kwa mashine, na kijumba chake kimejengwa ukingoni kabisa, ukiegesha gari pale dirisha lake liko hatua moja kutoka kwa mlango wa gari. Alikuwa ameona mambo yote ya waya. Siku moja akaniita akasema, "Baba Nerima, si ulete hiyo gari hapa kwa dirisha. Soketi iko karibu, wewe utaninunulia tu token za stima." Nikapeleka. Na kwa vile gari linachukua saa nne au tano kupata chaji ya maana, na waya ukiuacha peke yake huku kwetu hutaupata, ikabidi niketi niulinde, kwanza nje kwenye kiti cha plastiki, halafu mvua ya mwezi wa nne ilipoanza akasema niingie, mlango ukabaki wazi, mimi karibu na mlango, yeye kwa mashine. Ananipa chai. Ninamkunjia uzi. Ananieleza habari za mtoto wake Kiptum aliye Kericho, na mimi namweleza habari za marehemu mke wangu, na yeye hanyamazi kama watu wengine wanavyonyamaza nikimtaja, yeye huuliza zaidi.

Shangazi, wewe unajua watu wetu. Mzee aliyefiwa hawezi kwenda kuketi kwa mama mjane hivi hivi, akina mama wa kanisa watauliza amefuata nini, lakini waya ukiwa dirishani kila mpita njia anaona nimefuata nini, na hakuna wa kuuliza. Hapo ndipo nilipoharibika. Kwa sababu mzee kama mimi hana pa kwenda, gari likijaa Jumatatu linafika Jumamosi bado lina chaji, na mimi nitavuka barabara nikaseme nini? Kwa hivyo nilianza kuendesha ili liishe. Naenda mpaka sokoni Kabazi, kule juu, nawasha hita na taa mchana, nanunua kabichi nisizozihitaji ili safari iwe na maana, na wakati wa kurudi kwenye mteremko lile gari, kila nikishika breki, hujiongezea chaji lenyewe, na badala ya kufurahi mimi hukasirika. Kabichi nampa Ngigi. Ameniambia familia yake imechoka kabichi.

Siku moja Mama Kiptum alichungulia dirishani akauliza, "Imejaa?" Nikasema bado kidogo, ingawa taa ya kijani juu ya dashibodi ilikuwa inawaka, na yeye akarudi jikoni akaongeza maji kwenye sufuria ya chai. Niliona vibaya sana kumdanganya.

Sasa dhambi yenyewe. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa, walinichagua kwa sababu nina nafasi, na wiki sita zilizopita kampuni moja ilileta fomu, kwamba mitaa isiyo na maegesho itawekewa nguzo za kuchajia kando ya barabara, za magari na za pikipiki, unalipa kwa simu, na kinachotakiwa ni saini ya mwenyekiti na muhuri wa kamati. Walishapima na kuweka alama ya rangi nyeupe mahali nguzo itakaposimama, na mahali penyewe ni nje ya geti letu, mkabala na dirisha langu. Nilipoiona ile alama nilijua sitakuwa tena na sababu ya kuvuka barabara. Fomu nimeiweka ndani ya Biblia ya marehemu, na watu wakiuliza nasema kampuni haijajibu.

Wengi hawana haja sana na hiyo nguzo, lakini yupo kijana wa boda, Kipkirui, alinunua pikipiki ya stima na anaishi chumba kisicho na soketi ya kuaminika, kwa hivyo huenda kuichajia Kaptembwo kwa fundi wa kuchomelea vyuma na kungoja asubuhi nzima wakati wenzake wanabeba abiria. Wiki iliyopita nilikuwa nimetoka Kabazi, nimeegesha pale dirishani, nikamwona anaisukuma pikipiki kutoka barabara kuu, mvua imemlowesha kabisa, akasimama akanisalimia kwa heshima akauliza, "Mzee, wale watu wa chaja bado hawajasema kitu?" Nikamjibu, "Bado, kijana wangu." Akasema sawa mzee, tuendelee kuomba, akasukuma akaenda. Siku hiyo kikombe cha chai nilikirudisha kikiwa kimejaa.

Juzi msichana wa kampuni alinipigia akasema fomu ambayo haitakuwa imefika Ijumaa hii, nguzo yake itapelekwa mtaa mwingine. Shangazi, nikitia saini narudi kwa kimya changu, na nisipotia saini nimewaibia watu walioniamini, na linalonitesa zaidi usiku na mchana ni kwamba sijui kama yule mama anafurahi nikija au ananivumilia tu kwa ajili ya waya. Nifanye nini?

Mwenyekiti, Kiamunyi.

*

Mwenyekiti, nimecheka. Uliniruhusu. Nimecheka hapo kwenye kabichi, na hapo unapoligombeza gari kwa kujichaji lenyewe nilimsomea mwenzangu wa meza ya pili naye akacheka. Halafu nikafika kwa Kipkirui na ile mvua, nikaacha.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, ukurasa huu unatoka Jumatano, majina ya watu na ya mtaa nimeyabadilisha yote, kwa hivyo hatuna nafasi ya kubembelezana. Tuanze na fomu kwa sababu hiyo haina mjadala. Ule muhuri si wako. Ulipewa na watu uwatunzie, na wewe umeukalia ili usikose sababu ya kuvuka barabara. Kijana anasukuma pikipiki kupanda kutoka barabara kuu, na wewe uko pale umetoka kumwaga chaji njiani makusudi, na bado anakuita mzee na kukuombea kampuni ijibu. Hebu fikiria hilo bila kujihurumia kwa dakika moja. Upweke ni ugonjwa mzito, nakuonea huruma kweli, lakini hauwezi kulipiwa na Kipkirui.

Kwa hivyo toa hiyo fomu kwenye Biblia, tia saini, piga muhuri, na usiitume kwa mtu. Ipeleke mwenyewe mpaka ofisini kwao hapo mjini, hiyo safari kwa mara moja itakuwa ya maana. Kisha mtafute Kipkirui umwambie fomu ilikuwa kwako wiki sita na ukaichelewesha kwa makosa yako. Usimsingizie msichana wa kampuni, usitaje mtandao, usiseme uzee. Habari za Mama Kiptum hazimhusu, hizo kaa nazo. Atakasirika, na ana haki. Ukiona kamati nayo inataka mwenyekiti mwingine baada ya kusikia, kabidhi muhuri kwa heshima na usinune.

Sasa tuje kwa mama. Umeandika mwenyewe kwamba gari huwa hatua moja kutoka dirishani, na kwamba taa ya kijani iko juu ya dashibodi. Huyu ni mtu anayehesabu mishono ya sweta kutwa nzima na akikosea mmoja anafumua upya. Unadhani hakuiona ile taa? Alichungulia, akaiona, akakuuliza, ukamdanganya, naye akaenda kuongeza maji kwenye chai. Wewe ulikuwa unaona haya kiasi kwamba hukuona alichokifanya. Isome tena barua yako mahali hapo, polepole.

Sijasema anakupenda. Hilo silijui, na wewe hulijui, na tutabaki hivyo hivyo sote ukiendelea kuketi karibu na mlango ukijifanya mlinzi wa waya. Inawezekana anataka jirani tu wa kuzungumza naye na kukunja uzi. Inawezekana anataka zaidi. Inawezekana pia atakwambia, "Baba Nerima, tuachie hapo," na utaumia, na utavuka barabara kurudi kwako, na nyumba itakuwa kimya vilevile ilivyo leo. Lakini umpe nafasi ya kujibu. Miezi hii yote umemwamulia wewe, umekata kauli kwamba soketi ndiyo kitu pekee alicho nacho cha kumfanya mtu aje kwake. Kama ningekuwa yeye hilo lingeniudhi kuliko uwongo wa taa.

Akina mama wa kanisa usiwaogope kupita kiasi. Wanaopita hapo hawatazami waya, wanatazama kiti na ni nani amekikalia, na kama wana la kusema walishalisema tangu mvua ya mwezi wa nne. Ukitaka kuwatuliza, msalimie Mama Kiptum mbele yao Jumapili, kwa sauti ya kawaida, mtembee pamoja mchana kweupe. Siri ndiyo inayowanenepesha.

Nerima naye mpigie wewe, usingoje Jumapili yake. Anaamini alikutumia gari na mambo yakaisha. Mwambie kwamba siku zinapita hujazungumza na mtu. Si kumlaumu, ni kumpa habari za baba yake.

Jambo moja la mwisho, na huwa sisemi habari zangu hapa. Baada ya mume wangu kufa niliishi shambani miaka kadhaa, na nilikuwa na jirani mwanamume, mstaarabu sana, aliyekuja kuazima jembe langu la uma. Kila wiki, masika na kiangazi. Anasimama pale kwa kibaraza, tunazungumza kidogo, anachukua jembe, keshokutwa analirudisha likiwa safi kuliko lilivyotoka. Nilikuwa nasugua kikombe chake kabla ya siku ya kurudisha jembe. Halafu watoto wake wakaamua ahamie kwao Kitale, nikaenda kusaidia kufunga vitu, na nyuma ya mlango wa stoo yake nikayakuta majembe ya uma matatu. Akaona nimeyaona. Nikacheka, naye akacheka, na lori lilikuwa limeshapakiwa na dereva anapiga honi. Nilikuwa namngoja aseme, naye alikuwa anangoja kitu fulani kimruhusu, na hivyo ndivyo tulivyomaliza miaka mitatu.

Kwa hivyo Mwenyekiti, fomu ifike kesho. Kwa Mama Kiptum nenda leo, jua likiwa bado juu, gari liache mahali lilipo, waya uache nyumbani. Akikuuliza umefuata nini, usitafute neno zuri. Mwambie nyumba yako imekuwa kimya mno na ulitaka kuketi naye.