Balbu ya Vifaranga

Jumatatu, 3 Juni
Vifaranga kumi na wawili wamefika! Boksi nimeliweka koridoni, balbu inaning'inia juu yao — bila joto hawaishi. Mkaguzi, paka wa mama (hakuna sufuria asiyoikagua), alikaa akilitazama boksi bila kupepesa. Mama akamwambia awaheshimu wageni. Siku hizi mama anasahau mpaka jina langu. La paka hajasahau. Sina wivu. Kidogo tu.

Jumatano, 5 Juni
Mvua, baridi. Asubuhi wawili wamekufa, wamekauka kabisa. Balbu ilikuwa imezimwa. Mume wangu ndiye hutoka alfajiri kwenda karakana, basi ni yeye na ubahili wake. Sikumwuliza. Tumenuniana tangu Jumapili, na mimi sianzi! Nikawasha, nikanyamaza.

Ijumaa, 7 Juni
Wengine watatu. Na Mkaguzi kakutwa peupe, mmoja yuko mdomoni! Binti yangu alipiga yowe, nyumba nzima ikaamka. Mume wangu hakutaka kusikia neno. Paka katiwa gunia, kapelekwa karakana ya mbao, eti huko panya ni wengi. Nilikubali. Tena nilimshikia mdomo wa gunia. Mama alisimama mlangoni akiuliza wanampeleka wapi mtoto wa watu.

Jumapili, 9 Juni
Mama hali. Kijiko kikikaribia, anageuza uso. Kisahani cha paka kiko mapajani, anakifuta kwa upindo wa gauni, anakifuta tena. Nikamsihi ajitahidi walau uji. Akaniambia, kwa adabu kabisa, dada, wewe nenda tu kwenu, umechoka. Mimi! Nimelia jikoni, nimefungua bomba nisisikike.

Jumatatu, 10 Juni
Wanne. Na paka hayupo!

Nilimvaa mume wangu kabla hajafunga vifungo: balbu anaizima ya nini? Akaacha vifungo, akaniuliza: Si wewe? Kila alfajiri huikuta imezimwa, akadhani ni mimi, na kwa kuwa hatusemezani akajipitia zake. Wote wawili. Tumenuna, wao wanakufa.

Mchana ndipo nikaona. Mama anatoka chooni, mkono unapapasa ukutani — tak! Bila hata kuangalia. Ndivyo alivyotulea, akitufuata chumba kwa chumba akizima taa, akiuliza kama baba yetu ana mtambo wa umeme. Jina langu limemtoka, swichi haijamtoka. Na Mkaguzi masikini aliokota tu aliyekwisha kufa.

Nilikaa chini pale pale koridoni. Mume wangu aliporudi nilimweleza. Akachukua seloteipu, akaifunga swichi, raundi kwa raundi.

Jumanne, 11 Juni
Mume wangu kapiga simu. Paka yupo, chini ya rundo la mbao, haji kwa mtu, kamparura fundi mmoja mkono. Labda atatoka akisikia sauti ya mama. Tumekubaliana: habari ya taa tusimwambie kamwe. Imsaidie nini?

Nilipomwambia tunamfuata Mkaguzi, mama alikula mkate mzima, mwenyewe! Nikamvisha viatu. Koridoni akauliza, kwani mmemsamehe? Nikaropoka — hana kosa, mama, tulimsingizia. Ulimi wangu huu!

Akainama, akawatazama watatu waliobaki. Alipoinuka mkono ukaenda ukutani kama kawaida. Ukakuta seloteipu. Ukatulia hapo. Kisha akaniita kwa jina langu. Langu! Miezi yote hii nimelisubiri. Akauliza taratibu: kama si paka, ni nani?

Nimesingizia nimesahau pochi. Niko chumbani, naandika. Pochi ninayo begani.

Ananiita tena. Kwa jina.