Mama Aliyezuia Mvua

Jumanne, 4 Machi
Na yule mbwa mwenye vichwa vitatu nimempata! Ukurasa wa tano. Mume wangu Shivachi amechora mbwa watatu wamebanana kwenye kibanda kimoja langoni mwa mgodi wa dhahabu, vichwa tu vinaonekana. Nilipiga kelele hadi chai ikamwagika. Huu ndio mchezo wetu tangu harusi, wiki ya sita sasa. Mume wangu anasimulia upya hadithi ya kale ya Wagiriki kwa katuni, anaificha humu humu Kakamega, nami naitafuta. Mungu wa kuzimu ni tajiri wa mgodi. Msichana anayetoroshwa naye anauza mapera sokoni. Nampenda huyu mwanamume. Nampenda hadi nacheka peke yangu nikifua.

Alhamisi, 6 Machi
Katuni imechapishwa. Nakala zote zimeisha kabla ya saa sita. Najivunia vibaya sana! Nimemtumia Mama kurasa zote kwa simu, huko Matungu, aone mkwe wake ana kipaji. Hajajibu.

Ijumaa, 7 Machi
Amejibu. Afadhali angenyamaza.
"Mkwe wangu ananiita mchawi wa mvua."
Nikafungua ukurasa wa mwisho tena. Mama yake msichana, kwa uchungu wa kunyang'anywa binti, anazuia mvua. Mahindi yanakauka nchi nzima. Ana kilemba cha Mama. Ana mwanya wa Mama. Hata anavyoshika kiuno. Mungu wangu, na mimi nilikuwa nahesabu mbwa!
Matungu mvua imechelewa kweli. Mbegu ziko kwenye vumbi. Huku kwetu mwanamke kusemwa amefunga mvua si mzaha. Wenzake wa kanisani wameiona katuni, wanamuuliza atafungulia lini.

Jumamosi, 8 Machi
Shivachi hajala. Anasema hakukusudia. Mkwe hamkaribii mama mkwe, hampi mkono, kwa hiyo siku ya harusi alimtazama tu kwa mbali, siku nzima. Alipotafuta uso wa mama anayempenda mwanawe, ni wake uliotoka kwenye kalamu. Nikalia. Nikamkasirikia. Nikambusu.
Hawezi kwenda kujieleza. Wala kumpigia. Haifanywi. Kazi ni yangu, na Mama hashiki simu. Nimepiga mara nne. Naogopa. Sitaki kamwe kuchagua kati ya hawa wawili.

Jumapili, 9 Machi
Ameshika, baada ya ibada. Alianza yeye.
"Mwambie huyo bwanako mvua nimeifungia kabatini. Aje achukue."
Sikuthubutu kucheka. Nikamsimulia yote tangu mwanzo bila kupumua. Kwamba huyo mama si mchawi, ni mungu wa mavuno. Kwamba miungu wengine walikuja mmoja mmoja kumbembeleza.
Akanikatiza:
"Hata wanaume?"
"Hata mkubwa wao alimtumia wajumbe, Mama."
"Mm. Na huo mwanya, hangeweza kuufunika?"
Kisha akauliza kama msichana alirudi. Nikamwambia kila mwaka hurudi kwa mamake miezi kadhaa, ndipo mvua hunyesha, halafu huenda tena kwa mumewe.
"Kwa hivyo hakumpoteza." Sauti ilikuwa imeshuka. "Wewe umekaa huko wiki ngapi?"
Sita. Na sijafika nyumbani hata siku moja. Nimefurahi hadi nikasahau kuna mtu anapika ugali wa mtu mmoja. Niliona haya. Bado naona haya.

Jumanne, 11 Machi
Mawingu tu, mvua bado. Shivachi anachora sehemu ya pili, binti akiwa njiani kurudi. Aliniomba nimuulize Mama kama apunguze mwanya. Mama amesema auache, na shingoni aongeze shanga.
Mama mkwe wangu amenitengea jogoo nimpelekee Mama, maana bibi harusi harudi kwao mara ya kwanza mikono mitupu. Ameniambia nilale huko siku tatu, na nisiharakishe. Shivachi ataniwazia. Aniwazie!
Jioni nimempigia Mama. Nimemwahidi kwenda, naye amesema atafua shuka. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Matungu.