Ekzosi ya Mbwembwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mdogo wangu kaja gerejini, pikapu yake hoi. Mtaani wanamwita Mbwembwe, na jina limemkaa. Miezi miwili iliyopita alifungiwa ekzosi mpya, bomba la moshi nene kama paja, na fundi mwingine — mimi dada yake nilikataa! Mlio wake uliamsha mtaa mzima. Sasa gari halivuti. Tambarare linajikongoja, likiona kilima linakata pumzi.

Eti Jumapili anahamisha vyombo vya mama mkwe. Mkwe gani? Ni mama wa mchumba wake, na posa hajaijibu ndiyo wala hapana. Anahamia nyumba mpya juu mlimani. Mbwembwe anasema gari likimfia njiani na kabati la yule mama mgongoni, basi na mke hana. Nimemcheka. Halafu nikamwonea huruma, nikachukua spana.

Jumanne, 5 Agosti

Plagi safi. Chujio la mafuta nimebadilisha. Pampu inasukuma vizuri. Jirani yangu fundi umeme kapita, kasema ni lile bomba nene, kila mtu anajua. Kila mtu! Bomba nene linaweza kupunguza nguvu kidogo, lakini si kulilaza gari namna hii.

Nimeshinda uvunguni, mgongo unauma, na bado nina raha. Napenda sana gari likinificha kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempata mchawi!

Niliweka kiganja mwisho wa ekzosi, injini ikiunguruma. Moshi unatoka kinyonge, kama mtu anapuliza chai. Aha. Nikafungua nati za mbele, bomba likaachana na injini. Nikakanyaga mafuta — ngurumo! Nguvu zote zipo. Basi kizuizi kiko ndani ya bomba. Nikapinda waya kama ndoana, nikaanza kuvua. Kikatoka kibonge cha nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria, cheusi tii. Kikaja cha pili. Cha tatu!

Nikamwita Mbwembwe. Akaangalia viatu vyake. Kumbe siku hizi kila akienda kwa mchumba, husimama kona ya mwisho, anasukumia kibonge ndani kwa mpini wa ufagio. Anaongea na binti getini, anaondoka kimyakimya. Vingi hutemwa na moshi njiani, hivi vitatu vikakwama. Anaogopa mama akisikia makelele atamwona mhuni.

Jamani! Unanunua mlio, halafu unauziba! Nimecheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Kaniuliza tu, sasa Jumapili itakuwaje, dada?

Ijumaa, 8 Agosti

Ekzosi ya kawaida ya saizi yake sijaipata popote. Ile ya zamani ilishakatwakatwa. Nimemwambia achague: turudishe vibonge afe mlimani kimya, au apande na kelele. Kachagua kelele. Chai yake kaiacha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekaa juu ya godoro la yule mama, uani kwake, nalinda vyombo vilivyobaki. Nimekuja kusaidia. Haya, na kuona.

Walipakia kabati, kitanda, meza. Mama akaketi mbele. Mbwembwe kashika ufunguo, haugeuzi. Mama akauliza, vipi baba, tunalala hapa? Akawasha.

Kuku wakatawanyika! Mama akageuka, akamtazama vizuri. Mimi nikafumba macho. Akasema, tena kwa kupaza sauti, kumbe bado unao huu mlio! Eti mwanzoni aliusikia tangu barabarani, akajua binti yake ana mgeni. Ukakatika. Binti akisema kijana alikuja, mama anaona anaficha aibu ya kuachwa tu. Kwa hiyo na posa akainyamazia, maana huwezi kumpa ndiyo mtu aliyeingia mitini.

Mbwembwe akatia gia. Alijibu nini sijui, gari likaondoka.

Nalisikia likipanda. Gia ya pili, halihangaiki — safi! Kona. Sasa gia ya kwanza, hapo ndipo penye mlima wenyewe. Linavuta. Linavuta.

Kimya.

Nimesimama. Nimekaa tena. Injini ikifa njiani naijua, hukohoa kwanza. Hii haikukohoa. Mtu kageuza ufunguo, katikati ya mlima, na kabati mgongoni.

Binti kaja mbio kutoka ndani, kaniuliza wifi, gari limekufa? Nimemwambia gari ni zima kabisa, njoo ukae. Nimemsogezea nafasi kwenye godoro. Kwa mlio ule wasingesikilizana. Mama na Mbwembwe wanaongea.